Kosa lina umbo: hesabu zilizoko nyuma ya utabiri wa hali ya hewa

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Nimeombwa nisijaze milinganyo ubaoni, kwa hiyo nitaongea tu, pale itakapobidi nitaandika namba mbili tatu, msikimbie.

Nimekuja na jambo moja. Watu wengi wanadhani utabiri wa hali ya hewa umekuwa mzuri kwa sababu tumepata setilaiti na kompyuta kubwa, basi. Hizo zimesaidia sana, sibishi, ila sehemu kubwa ya maendeleo ya miaka hii 30 imetoka mahali ambapo kwenye TV hapaonekani kabisa: tumejifunza kulihesabu kosa lenyewe. Yani sio kusema tu kesho Tanga nyuzi joto 31, ni kusema hiyo 31 inaweza kupotoka kwa kiasi gani, itapotoka upande gani, na ikipotoka Tanga basi Pangani nako mambo yakoje. Kosa lina umbo, na ukilijua umbo lake unaweza kulipunguza. Na umbo la kosa la huku kwetu karibu na ikweta silo la Ulaya, hapo ndo nataka tufike, ila tutapita njiani kwanza.

Kuna Mwingereza mmoja, Lewis Fry Richardson, alikuwa Mquaker, hakutaka kushika bunduki, vita kuu ya kwanza ilipokuja akaenda Ufaransa na kikosi cha ambulensi, na huko huko kati ya safari za kubeba majeruhi akawa anapiga hesabu ya hali ya hewa kwa mkono. Wazo lenyewe lilishatolewa na Bjerknes wa Norwei mwaka 1904: hewa inafuata sheria za fizikia, za mwendo, za joto, za maji kugeuka mvuke na kurudi kuwa maji, sasa kama hali ya leo unaijua na sheria unazijua, kesho inahesabika. Richardson akachukua vipimo vya Ulaya ya kati vya tarehe 20 Mei 1910, akahesabu mgandamizo wa hewa utabadilika vipi ndani ya saa 6. Jibu likatoka: utapanda kwa hektopaskali 145. Siku yenyewe ilikuwa tulivu, mgandamizo haukubadilika karibu hata kidogo! Na 145 sio namba ya mchezo jamani, kimbunga chenye mgandamizo mdogo kuliko vyote vilivyowahi kupimwa, Tip cha mwaka 1979 kule Pasifiki, kilifika hektopaskali 870, yani kama 143 hivi chini ya kawaida. Bwana Richardson akalichapisha jibu lake hivyo hivyo kwenye kitabu mwaka 1922, hakulificha, na mimi heshima yangu kwake inaanzia hapo.

Sasa nini kilimponza? Milinganyo haikuwa na shida. Peter Lynch wa Ireland alikuja kuirudia ile hesabu kwa kompyuta miaka mingi baadaye, akapata ile ile 145, halafu akazichuja data za kuanzia, akayatoa yale mawimbi ya haraka haraka ambayo kwenye hewa halisi ni madogo sana, na jibu likashuka likawa chini ya hektopaskali 1. Umeona? Sheria zile zile, vipimo vile vile, kilichokuwa kibovu ni mahali pa kuanzia, upepo na mgandamizo vilivyoingizwa havikuwa vinapatana vyenyewe kwa vyenyewe. Mwaka 1950 kina Charney na von Neumann walipofanya utabiri wa kwanza kwenye kompyuta ya ENIAC waliurahisisha mlinganyo mpaka yale mawimbi ya haraka yakafutika yenyewe, utabiri wa saa 24 ukachukua kama saa 24 kuhesabiwa, kwa hiyo walimaliza sambamba na hali ya hewa yenyewe.

Halafu akaja Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani. Hii mnaijua wengi kwa hiyo sitakaa sana: 1961, alitaka kurudia hesabu aliyokwisha kuifanya, akaingiza 0.506 mahali ambapo kompyuta ilikuwa na 0.506127, na baada ya muda hali ya hewa ya pili haikufanana kabisa na ya kwanza. Watu wanaichukulia kama hadithi ya kukata tamaa, eti basi hakuna kutabiri. Mi naona ni kinyume. Lorenz alituambia kosa dogo linakua, sawa, lakini halikui kila upande kwa kasi ile ile, na halikui kila siku sawasawa! Kuna pande chache ambako linalipuka na kuna pande nyingi ambako linakufa lenyewe. Kuna siku hewa inatabirika hata wiki nzima mbele na kuna siku hata kesho ni shida. Hilo linahesabika.

Haya, tushike chaki.

Tuseme modeli, yani ile programu ya kompyuta inayoihesabu hewa, inasema saa hizi Zanzibar ni nyuzi 30, na tunajua kwa uzoefu modeli hii hukosea kwa kama nyuzi 2 hivi. Kipimajoto cha Zanzibar kinasema 27, nacho hukosea kwa nyuzi 1. Tumwamini nani? Ni kama una mashahidi wawili wa ajali moja, mmoja alikuwa karibu mwingine mbali, humtupi wa mbali, unampa uzito mdogo. Kihesabu uzito ni moja gawanya kwa mraba wa kosa: modeli inapata robo, kipimajoto kinapata moja. Robo ya 30 ni 7.5, jumlisha 27 inakuwa 34.5, gawanya kwa 1.25 unapata 27.6. Jibu letu ni 27.6. Na utamu uko hapa: kosa la jibu hili ni kama 0.9, dogo kuliko la modeli na dogo kuliko hata la kipimajoto chenyewe! Kwa hiyo yule shahidi wa mbali mwenye macho mabovu bado katuongezea kitu. Hii ndo roho ya filta ya Kalman, Rudolf Kálmán aliiandika 1960 na Wamarekani wakaitumia kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Mizizi yake inarudi mpaka kwa Gauss ambaye mwaka 1801 aliipata tena sayari ndogo Ceres iliyokuwa imepotea nyuma ya jua, kwa vipimo vichache tu na akili nyingi.

Sasa ongeza Dar es Salaam. Modeli inasema Dar nyuzi 31, kosa lake nalo ni 2, na tujifanye Dar hakuna kipimajoto hata kimoja. Tutafanyaje? Hatuna kipimo, ila tuna habari nyingine: modeli ikikosea Zanzibar huwa inakosea na Dar kwa mwelekeo ule ule, korelesheni ya makosa yao, yani kiasi yanavyotembea pamoja, tuseme ni 0.7. Basi chukua 0.7 zidisha kwa 2 zidisha kwa 2, ni 2.8, hiyo ndo kovariansi, gawanya kwa 5, yani mraba wa kosa la modeli 4 jumlisha mraba wa kosa la kipimajoto 1, unapata 0.56. Kipimajoto cha Zanzibar kilikuwa chini ya modeli kwa nyuzi 3, kwa hiyo Dar tunaishusha kwa 0.56 mara 3, ambayo ni 1.68, tunabaki na 29.3. Tumeisahihisha Dar kwa kipimajoto cha ng'ambo ya maji. Kama ukiondoka hapa leo na kitu kimoja ondoka na hicho, maana utabiri wa dunia nzima unakula hapo: kipimo cha sehemu moja kinasahihisha sehemu ambako hakuna kipimo, na kinachobeba habari kutoka hapa kwenda pale ni umbo la kosa, hakuna kingine.

Hapa nilikuwa na sehemu mbili. Modeli halisi ya dunia ina namba kama bilioni moja za kuelezea hewa kwa wakati mmoja, joto, upepo, unyevu, kila kisanduku cha gridi na kila tabaka kwenda juu. Kovariansi ni jedwali la kila namba na kila mwenzake, bilioni mara bilioni, ukihifadhi kila moja kwa baiti 8 ni baiti bilioni 8 mara bilioni moja. Hakuna mtu ana diski hiyo, na hata angekuwa nayo hawezi kulizidisha hilo jedwali kabla kesho haijafika. Kwa hiyo historia yote ya miaka hii ni historia ya wanahisabati wakitafuta namna ya kutumia jedwali ambalo hawawezi kuliandika.

Njia ya kwanza ni ile ya kwenda nyuma. Unachukua dirisha la muda, tuseme saa 12, una vipimo vyote vilivyoingia humo, vya setilaiti, ndege, meli, maputo, vya saa mbalimbali, halafu unauliza: nianzie hali gani ili modeli ikikimbia saa zote 12 ipite karibu na vipimo vyote hivi bila kuikimbia sana ile makisio yangu ya mwanzo? Ni tatizo la kutafuta bonde la chini kabisa kwenye mlima wenye pande bilioni moja. Ukitaka kujua mteremko kwa kujaribu upande mmoja mmoja itabidi uikimbize modeli mara bilioni, sahau! Lakini kuna mbinu, wenyewe wanaiita ajointi, unaandika modeli nyingine inayokwenda nyuma kwa wakati, inabeba tofauti kati ya utabiri na vipimo kuzirudisha mwanzo wa dirisha, na safari moja tu ya kwenda nyuma inakupa miteremko yote bilioni kwa mpigo, kwa gharama ya kuikimbiza modeli mara chache tu. Mimi kila nikiifundisha hii nasikia kusisimka, na darasa huwa wananiangalia tu. Le Dimet na Talagrand wa Ufaransa waliisukuma hii miaka ya themanini, na kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF kilichoko Reading, wakaianza rasmi Novemba 1997.

Njia ya pili ni kundi. Badala ya utabiri mmoja unafanya 50, kila mmoja umeanza na hali iliyosogezwa kidogo, halafu unatazama wanavyotawanyika. ECMWF na Wamarekani walianza kutoa utabiri wa kundi Desemba 1992, saivi ECMWF wana 51 na tangu 2023 wote wako kwenye gridi ya kilomita 9. Ule mchoro wa njia nyingi nyingi za kimbunga unaouona mtandaoni, kama kile Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024, mara nyingi ndo kundi hilo. Lakini kundi linafanya kazi ya pili ambayo haionekani: mtawanyiko wake ndo makadirio ya ile kovariansi, na ni makadirio ya leo, ya hali ya leo, sio wastani wa mwaka. Geir Evensen wa Norwei alilitoa wazo hili 1994.

Ila hapo kuna mtego. Ukikadiria korelesheni kwa sampuli 50 tu, hata vitu visivyohusiana kabisa vitaonekana vinahusiana kwa kama 0.14 hivi kwa bahati tu, moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha 49. Kwa hiyo modeli itakuambia joto la Mtwara linahusiana na upepo wa Moscow, na kipimo cha Moscow kitaanza kuisahihisha Mtwara. Ukiliacha hilo mara milioni kumi kwa siku, utabiri wako umekwisha. Dawa yake wala sio ya heshima sana: unaikata. Unazidisha korelesheni na mchoro unaoshuka taratibu mpaka sifuri kadiri umbali unavyoongezeka, wengi wanatumia ule wa Gaspari na Cohn wa mwaka 1999, ambao umechongwa vizuri ili jedwali libaki halali kihesabu. Ukikata karibu mno unapoteza habari za kweli, ukikata mbali unaingiza uchafu, na umbali sahihi hakuna anayekupa, unautafuta. Kuna mambo ya utabiri yanatangazwa kama akili nyingi kumbe ni mtu amekaa na namba moja wiki tatu anaisogeza sogeza.

Sasa twende nyumbani.

Ulaya wana bahati moja ambayo sisi hatuna. Dunia inapozunguka inausukuma upepo pembeni, nguvu ya Coriolis, na kule kwao nguvu hii ni kubwa kiasi kwamba upepo na mgandamizo vinakuwa vimefungwa pamoja: ukijua ramani ya mgandamizo umeshaujua upepo kwa sehemu kubwa. Kihesabu maana yake kosa la mgandamizo na kosa la upepo yana korelesheni kubwa, kipimo kimoja kinakupa viwili kwa bei moja. Nguvu hiyo inafuata sini ya latitudo. London ni latitudo 51 na nusu, Dar es Salaam ni kama 6.8, piga hesabu utakuta Dar wana kama moja ya sita na nusu ya walichonacho London, na Nairobi, ambao wako nyuzi 1.3 tu kusini ya ikweta, wanayo ndogo zaidi ya mara 30. Kile kifungo kimekatika. Mgandamizo huku unabadilika kidogo tu na hautuambii mengi kuhusu upepo, kwa hiyo hata ukijaza barometa kila kata bado upepo wa juu hujaupata.

Ndo maana ile setilaiti ya Aeolus, iliyorushwa Agosti 2018 ikamaliza kazi 2023, ikipima upepo kwa miale ya leza kutoka angani, faida yake kubwa ilionekana ukanda wa tropiki. Na sisi maputo yanayorushwa kupima hewa ya juu ni machache mno ukilinganisha na ukubwa wa eneo. Kwa hiyo tuna vipimo vichache na kila kipimo kinatuambia machache kuhusu vitu vingine. Hayo mawili yakikutana ni balaa.

Kuna la tatu, mvua zetu zenyewe. Kule kwao mvua nyingi inakuja na mfumo mkubwa wa kilomita elfu unaotembea, unauona siku tano kabla. Kwetu mvua nyingi ni mawingu ya radi yanayochemka mchana, upana wa kilomita chache, yanazaliwa na kufa ndani ya masaa, modeli ya kilomita 9 haiyaoni moja moja, inayakisia kwa kanuni. Ziwa Victoria ndo usiseme, usiku upepo unatoka nchi kavu pande zote unakutana katikati ya ziwa, radi zinalipuka saa nane saa tisa usiku wakati wavuvi wako majini. Watafiti wa Ujerumani kina Vogel walilinganisha mwaka 2018 utabiri wa mvua wa makundi makubwa ya dunia kwa Afrika ya tropiki upande wa kaskazini ya ikweta, na wakakuta utabiri mbichi haukuwa bora kuliko kusema tu tarehe kama hii kwa kawaida mvua hunyesha asilimia kadhaa. Takwimu za zamani zinaifunga kompyuta ya mabilioni! Hiyo ilinikera, na ingewakera na nyie.

Kwa hiyo tunasahihisha baada ya modeli kumaliza. Unachukua utabiri wa nyuma na mvua iliyonyesha kweli, unajifunza namna modeli inavyodanganya, halafu unaunyoosha utabiri wa leo. ICPAC, kituo cha kanda cha utabiri wa hali ya hewa pale Nairobi, pamoja na watu wa Oxford wamefanya hivi kwa Afrika Mashariki na mtandao wa neva, aina ya akili mnemba, unaozalisha ramani nyingi za mvua zenye uwezekano, sio ramani moja. Na kuupima utabiri wa namna hii kuna kanuni ya Brier ya 1950 ambayo mi naipenda kwa sababu haitoi nafasi ya ujanja: unasema asilimia, baadae unachukua tofauti na kilichotokea, unaipiga mraba, alama ndogo ndo nzuri. Moyoni unaamini asilimia 70. Ukisema 70, kwa wastani utapata 0.21. Ukijitutumua useme 100 ili uonekane una uhakika, wastani wako unakuwa 0.30. Muongo anaumia mwenyewe.

Najua kuna mtu hapa ananisubiri na akili mnemba, ngoja nimmalizie. GraphCast, modeli ya akili mnemba ya Google DeepMind ya mwaka 2023, inatoa utabiri wa siku 10 chini ya dakika moja na kwenye vipimo vingi iliushinda utabiri mkuu wa ECMWF wa wakati ule, na ECMWF wenyewe Februari 2025 wameingiza ya kwao rasmi. Ni kazi kubwa, tusiwe na wivu. Ila waulize wamejifunzia nini. Wamejifunzia ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia ya miongo mingi, ambayo imetengenezwa na ile mbinu ya dirisha la saa 12 niliyowaeleza. Na kila asubuhi bado wanahitaji hali ya kuanzia, inayotoka kule kule. Kwa hiyo pale vipimo vilipokuwa haba, mashine imejifunza makisio ya modeli ya zamani ikidhani ni ukweli. Tena ukiifundisha mashine kwa kuiadhibu na mraba wa kosa, jibu lake bora kihesabu ni wastani, na wastani wa radi inayoweza kupiga hapa au pale ni manyunyu kila mahali, ramani inakuwa laini kama imepigwa pasi. Ndo maana sasa wanahamia kwenye adhabu zinazopima uwezekano mzima badala ya jibu moja. Wamerudi kwenye umbo la kosa, kwa mlango wa nyuma.

Nyie wa mwaka wa pili mliokuwa mnauliza mtaanzia wapi bila supakompyuta: kuna kamodeli Lorenz alikatoa 1996, namba 40 zimekaa kwenye duara, kila moja inavutana na jirani zake, nguvu ya kusukuma weka 8, inaingia kwenye laptopu yoyote na msimbo wake haujazi ukurasa. Endesha moja uite ukweli, ipime namba 20 tu kwa kelele kidogo, yani kosa dogo la bahati nasibu, halafu tengeneza kundi lako la 50 na filta ya Kalman ujaribu kuzipata zile 20 nyingine. Ikishafanya kazi punguza kundi mpaka 10 bila kukata korelesheni za mbali, uone linavyopotea kabisa njia huku lenyewe linajiamini, mtawanyiko mdogo kosa kubwa. Halafu washa ule mkato. Utautafuta umbali wake usiku kucha, na mkiupata niandikieni.

Haya, maswali. Dada wa nyuma pale ulinyoosha mkono tangu nikiwa kwenye Mtwara na Moscow, anza wewe.